Zibeni Nje!

Jumatatu, 3 Machi

Ukuta wa kaskazini umetoa jasho tena. Nimeufuta asubuhi, mchana umelowa. Na ni upande wa nje! Kwenye korido, ambako joto linamtoa mtu ulimi. Bati la nje la chumba baridi halitakiwi kuwa baridi hata kidogo — ndiyo maana ukuta ni wa paneli, mabati mawili na katikati povu. Nimeweka kiganja: baridi kama chupa ya soda. Nimegonga. Paneli nzima hulia ko, ko. Hii inalia pu. Imekunywa maji.

Nimemwambia Meneja. Kasimama mbali, mikono mfukoni, ati atamwita aliyejenga. Aliyejenga! Namjua vizuri sana aliyejenga. Ni mume wa dada yangu. Nalala chumba cha uani kwake tangu nyumba niliyopanga ivunjwe. Nakula mezani kwake. Na chumba chenyewe alichokijenga hakijamaliza hata mwaka.

Leo sikumwambia kitu nyumbani. Aitwe na bosi, asije akasema shemeji yake kamtafutia balaa.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Dhamana amekuja. (Shemeji huyo namwita hivyo humu tu. Kila akifungua mdomo ni dhamana, dhamana, dhamana yangu.) Miwani ya jua ndani ya korido! Hakugonga ukuta. Hakuugusa. Kaenda moja kwa moja mlangoni, kaufungua, kaufunga, kaufungua tena, akaguna kama daktari aliyekuta mgonjwa keshakata roho. Kisha mbele ya Meneja: mlango huu unaachwa wazi, unyevu unaingia, ndio unaoharibu ukuta. Mwenye mlango nani?

Mwenye mlango mimi. Msimamizi wa chumba baridi, funguo shingoni. Siagi yote na aiskrimu yote ya kiwanda hiki inapita mikononi mwangu.

Nikamjibu hapohapo. Ingekuwa mlango, tungeona barafu ndani — kwenye feni, sakafuni, juu ya maboksi. Ingia uone, kukavu! Maji yako katikati ya mabati mawili. Yamepitaje mlangoni yakaingia humo, yana funguo?

Akacheka. Ati, shemeji, usichanganye mapishi na ujenzi.

Loo! Nilitamani nimsukumie ndani kwenye siagi nifunge. Meneja naye akacheka, kidogo, kwa adabu. Kisha akaniambia pembeni: ikithibitika ni mlango, mwisho wa mwezi tunaagana. Kasema taratibu kabisa, kama mtu anayekuulizia afya ya watoto.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika hapa ili nisije nikalipuka mbele za watu.

Bwana Dhamana jina lake lilijengwa na mabanda ya vifaranga. Mazuri, sikatai. Bandani joto liko ndani, vifaranga wanapumua, mvuke unatafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo unaziba viungo vya paneli kwa ndani, mvuke usiingie kwenye povu. Sawasawa kabisa! Lakini chumba baridi ni kinyume. Joto na unyevu viko nje, na mvuke unakimbilia penye baridi. Hapa unaziba nje. Kila kiungo, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka, na kila tundu la waya na kila tundu la bolti. Ukiacha ufa wa kupitisha ukucha, hewa ya nje inaingia, inapoa humo kwenye povu, inageuka maji, maji yanaganda, barafu inapanua ufa. Hapo umekwisha.

Yeye na mafundi wake, mikono ilikwenda ilikozoea. Silikoni nyeupe, ile gundi ya kuzibia, kwa ndani, mstari umenyooka, unapendeza mpaka unataka kuulamba. Nje? Hata tone. Mimi nilikuwepo! Nilisema zibeni nje! Nilisema mbele ya mafundi wake wote. Akaniambia nirudi kwenye ndoo zangu za aiskrimu.

Na sasa kwa kuwa ndani kumezibwa vizuri hivyo, maji yaliyoingia hayana hata pa kutokea. Yamekaa humo kama wapangaji wasiolipa kodi.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana. Dada kaniwekea sahani kwa kishindo mpaka mchuzi ukaruka.

Nikajua. Keshaambiwa.

Kangoja watoto watoke. Kisha: sema ni mlango, yaishe. Nikamuuliza yaishe vipi? Ati nitaomba radhi, watanipa onyo, maisha yataendelea. Lakini ikisemwa ni viungo, mume wake atabomoa chumba kizima na kujenga upya kwa gharama yake, na ile kazi ya chumba cha pili aliyoahidiwa inakwenda na maji.

Nikamwambia si onyo, Dada. Nafukuzwa. Meneja kasema kwa kinywa chake.

"Utapata kazi nyingine."

"Na yeye atapata nyingine."

Shemeji anatafuna tu, macho kwenye sahani. Kisha akamwambia mkewe: mwambie apunguze sauti, hapa ni nyumba ya watu. Mwambie! Nimekaa mbele yake, magoti yanagusana chini ya meza, ananitumia salamu kama niko ng'ambo!

Nikamwambia wewe mwenyewe unajua. Unajua kabisa ulikosea upande. Si dhambi, ni mazoea, kila fundi anakosea. Sema tu nilikosea. Akanyanyuka, akanawa, akaenda kuwasha redio.

Dada akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona. Dada huyu ndiye aliyenisuka nywele asubuhi za shule baada ya mama kufariki. Akinivuta nikilia, naye analia. Leo kaniambia nina roho mbaya, nimeona ndoa yake imetulia nikawashwa.

Inauma. Acha niandike hivyohivyo. Inauma sana.

Jumanne, 11 Machi

Khaa! Khaa! Mafundi wake wamekuja "kukarabati." Wamefanya nini? Wameongeza silikoni — NDANI! Juu ya ile ile! Nikasema labda naota.

Bado. Wakatoka koridoni na dirili, wakatoboa bati la nje. Vitundu, safu nzima, kimoja baada ya kingine. Nikapiga kelele: mnafanya nini nyie? Wanasema wametumwa, ati ukuta upumue. Banda la vifaranga lina vitundu vya kupumulia kwa nje, na hapa basi viwepo! Upumue! Mmemfungulia mwizi madirisha, mnamwambia pumua!

Walipokwenda kula nikachukua utepe wa gundi, nikaziba vitundu vyote. Kimoja kimoja.

Nusu saa haikupita, Meneja huyo. Bwana Dhamana kampigia simu: shemeji anahujumu kazi. Nikaeleza. Sikumaliza. Kanyoosha mkono, kiganja juu.

Alitaka funguo.

Nikampa. Shingo imebaki nyepesi, kama imevuliwa kitu ilichozaliwa nacho.

Jumatano, 12 Machi

Nimepangiwa kubandika lebo. Sawa. Nabandika.

Utepe wangu umebanduliwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mlango sasa anaushika mlinzi, na anaulinda kama benki. Haufunguki ovyo. Na ukuta? Unatiririka! Dimbwi koridoni, wameweka matambara. Nikamuuliza Meneja kwa upole, upole kabisa: mlango ni mimi, mimi sipo, haya maji ya nani? Leo mikono yake haikuwa mfukoni.

Kisha nikamwonyesha kibaya zaidi. Nimeomba dakika moja ndani, mlinzi akiwa nyuma yangu. Taa za dari zilikuwa zimenyooka mstari mmoja. Sasa za katikati ziko chini kuliko za pembeni. Dari limeshuka tumbo. Paneli za dari ni zilezile, viungo vilevile, kule juu chini ya mabati ya paa ambako ndiko joto kali kuliko kote — vimezibwa ndani, nje viko wazi. Zimejaa maji na barafu, zinaning'inia kwa vyuma vyembamba kama kidole. Vyuma viwili vimepinda.

Nikamwambia toa mzigo wote. Mtu asiingie humu. Likianguka halichagui.

Meneja kasema Jumamosi tutakata ukuta tuone. Shemeji kwenye simu, kipaza sauti kimewashwa, nilimsikia: mkikata tu, dhamana imekufa! Meneja: basi ife.

Nilitaka kumkumbatia, mzee wa watu. Nikaenda kubandika lebo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi jioni, godoro langu liko uani. Limeegemezwa ukutani. Nguo kwenye beseni, zimekunjwa vizuri, zimefunikwa kwa plastiki zisilowe. Ndiyo Dada kaninyima chumba, lakini nguo kazifunika. Sijui nicheke au nifanye nini.

Nikagonga mlango wa mbele. Dada kasema kutoka ndani, bila kufungua: ukikata ukuta wa mume wangu, usinijue. Nikamwambia ukuta ni wa kiwanda. Akasema, hata kama.

Nimelala kwa mama mmoja wa mizani tunayefanya naye kazi. Kitanda kimoja, anakoroma. Potelea mbali.

Jumamosi, 15 Machi

Mzigo wote umehamishiwa kwenye magari ya baridi tangu asubuhi. Chumba kitupu, mashine inanguruma tu.

Fundi wa mashine wa kiwanda ndiye aliyekata. Mraba kwenye bati la nje, ukubwa wa dirisha dogo. Tulikuwa Meneja, mlinzi, mimi, na Bwana Dhamana bila miwani. Bati halijatoka lote, maji yakaanza. Si matone! Yalimwagika kwenye viatu vya Meneja. Povu limekuwa kama mkate uliotumbukia kwenye chai, unalibonyeza kwa kidole linabaki na shimo. Ndani zaidi, barafu ya kijivu. Kiungo cha pembeni kikawa wazi kabisa — si silikoni, si utepe, vumbi tu.

Meneja akamgeukia Bwana Dhamana. Nami nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima, makali, ya kumchoma mpaka mfupa! Hayakutoka. Uso wake ulikuwa umesawajika, midomo myeupe. Niliona mtu anayemtafutia mkewe cha kumwambia.

Angesema "nilikosea" pale, naapa ningemsaidia kufuta maji.

Akasema: "Huo ni ukuta mmoja. Mmeutoboa wenyewe. Dari ni zima, halina ubovu."

Nikasema dari ni bovu kuliko ukuta. Akasema dari ni zima, na nitakuonyesha. Akapanda ngazi ya pembeni. Kabla mtu hajamshika yuko juu, na ngazi kaivuta kwake! Sasa anatembea juu ya dari. Tunamsikia. Hatua, hatua, anasimama, anakanyaga kwa kisigino: "Ni zima! Mnasikia? Zima hili!"

Meneja anamwita ashuke. Hashuki. Ati anamtaka Meneja aingie chumbani atazame kwa chini, aone kama hata tone linaanguka. Meneja hana wazimu. Mlinzi kaenda kutafuta ngazi nyingine. Fundi wa mashine anasema tusizime baridi, barafu ikiyeyuka huko juu kwa ghafla sijui itakuwaje, na mimi nakubaliana naye.

Naandika nimesimama koridoni, karatasi nimeiegemeza kwenye boksi. Meneja kaniambia nisimsemeshe, kila nikisema anapandwa na mori. Basi nimefunga mdomo. Mkono usipoandika utakamata kitu kibaya.

Dada amefika. Sijui nani kampigia. Pengine yeye mwenyewe, kutoka huko juu. Kapita mbele yangu kama anayepita mbele ya nguzo. Nikamwambia: Dada, mwite mumeo ashuke, dari limejaa maji. Mwite wewe, wewe atakusikia.

Akasimama. Akaniuliza, sauti ya chini kabisa: "Una hakika?"

Nikasema nina hakika.

Akasema, "Miaka yote hii anatujengea, wewe ndiye una hakika."

Kisha akamwita. "Baba watoto! Ni zima?"

Kutoka juu: "Zima, mke wangu!"

"Basi!"

Akachukua koti la baridi kwenye msumari — langu! — akalivaa, akamsukuma fundi wa mashine kwa bega, akaingia. Kaingia! Kaenda mpaka katikati, chini ya zile taa zilizoshuka, akakunja mikono kifuani. Akasema kwa nguvu, anisikie mimi, si Meneja: kama ni bovu na limwangukie mke wake, na kama ni zima mdogo wangu atatuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Meneja anapiga kelele. Mlinzi hajarudi. Huko juu hatua zimesimama. Shemeji anauliza, nani yuko ndani? Nani kaingia? Sauti si ile. Namsikia sasa anasema toka, mama, toka humo. Toka! Anasema kwa sauti ya mtu anayejua. Alikuwa anajua.

Dada hasikii, feni zinanguruma. Au anasikia. Ananitazama mimi tu kupitia mlangoni, pumzi inatoka nyeupe, kidevu juu, vilevile alivyokuwa akisimama kunigombea na watoto wa mtaani.

Dari limelia. Mlio mrefu, wa chuma. Shemeji hatakiwi kusogea hata kidole, uzito wake utaliangusha, nimempigia kelele asisogee, na amenitii.

Koti langu kavaa yeye. Nachukua la yeyote. Naingia.