Nimempiga Mheshimiwa

Jumapili, Ladywood, mtaani kwetu huku ughaibuni. Manyunyu tangu asubuhi, na kiganja changu cha kulia bado kinawaka.

Leo nimempiga mbunge kofi.

Nililipiga la nguvu, la shavuni, mbele ya kamera, mpaka miwani yake ikaruka ikaangukia kwenye dimbwi. Wallahi sikupanga. Ila nikiandika hapa kwamba najuta nitakuwa muongo, na kwa leo waongo wametosha.

Nianze na Salum, mdogo wangu. Siku ya zile fujo za kupinga wahamiaji alikuwa mtaa wa Handsworth, anamsaidia rafiki yake Abdi, Msomali wa Nairobi, kuteremsha shata, ule mlango wa chuma wa duka lake. Wakaja wanaume na matofali, wanapiga makelele kwamba turudi kwetu. Salum hakuinua mkono. Tofali lilimpata kwenye taya, na alipoanguka wakamkanyaga kichwa. Hospitali nilimkuta amevimba hata nikapita kitanda chake, nikarudi, nikamtambua kwa soksi. Mpaka leo taya limefungwa kwa waya. Anakunywa supu kwa mrija na kuzungumza hawezi.

Kesho yake mbunge wetu akatokea kwenye televisheni, akaziomba pande zote mbili zitulie.

Pande mbili zipi?

Basi bosi wa Salum, kule kiwanda cha taka Tyseley, naye alikuwa anaangalia televisheni. Akamwambia abaki nyumbani mpaka ijulikane yeye alikuwa upande gani. Hivi hivi tu, mtu aliyepondwa usoni akawa mshukiwa. Tangu hapo tumekuwa tukimtaka mbunge atusaidie kwa sentensi moja, hadharani: Salum alishambuliwa, hakupigana. Angeisema, bosi angeisikia, na mdogo wangu angerudi kazini na jina lake.

Na si kwamba yeye hatujui sisi. Wakati wa kampeni alivaa kanzu, akala biriani na sisi siku ya Idi, akatuita familia yake. Kumbe mtaa wa pili alikuwa akiwaambia watu kwamba nchi imejaa. Nina hakika huko nako aliwaita familia.

Leo akaja kumjulia hali mgonjwa. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Kwetu mtu anayekuja kumtazama mgonjwa harudishwi mlangoni, na neno analolitoa mbele ya mgonjwa, dua ikishasomwa, halichezewi. Mama akasoma dua. Mbunge naye akainua mikono, akaitikia amin vizuri kabisa, sijui nani kamfundisha. Halafu akamshika Salum bega, akasema atafanya kila lililo ndani ya uwezo wake ili ukweli usikike. Nikamfasiria Mama. Mama akalia, akampigia simu dada yake Unguja papo hapo, akamwambia jambo limekwisha, mkubwa ameahidi.

Tukateremka naye hadi nje ya jengo, waandishi wanamngoja. Mama amemshika mkono, anatabasamu, Kiingereza hakijui. Mheshimiwa akaanza. Ametoka kuonana na familia iliyoguswa na hali ya taharuki. Hisia ziko juu kila upande. Watu wana haki ya kuwa na wasiwasi juu ya kasi ya mabadiliko mitaani kwao, na lazima nao wasikilizwe.

Salum hakumtaja. Tofali hakulitaja.

Mama akanivuta nguo. "Amemsema Salum?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa kasema nini?"

"Kasema waliompiga wana haki ya kukasirika, Mama."

Hakumwachia mkono. Alinitazama mimi kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. "Labda hukumsikia vizuri, mwanangu," akasema. "Mbona ameitikia amin."

Hapo ndipo nilipompiga.

Nitasema yote, maana hili ni daftari langu la moyoni. Kofi lile halikunitosha. Nilitaka kumng'oa ule ulimi kwa mkono wangu. Nilitaka aonje damu yake mwenyewe, anywe supu kwa mrija, ajue uzito wa tofali moja lililokauka. Walinishika watu wawili na nilikuwa bado napiga mateke hewani, mimi ambaye kazini huwalisha wazee uji kwa kijiko. Nilijiogopa. Na katikati ya kujiogopa nilikuwa na raha, astaghfirullah.

Saa haikupita, ofisi yake ikatoa taarifa. Mheshimiwa amefanyiwa shambulio la kikatili.

Shambulio. Kumbe neno analijua. Wiki zote hizi Salum amelala na waya mdomoni, lilikuwa halipatikani.

Polisi wameshapiga simu, nikahojiwe kesho. Wakili naye amepiga, mtu mwema, anataka kunisaidia kwa dhati. Amenishauri niseme palikuwa na msukumano, mkono ukagusana na uso, hisia zilikuwa juu kila upande. Nikisema hivyo huenda yakaisha. Nikisema nilimpiga, nitatiwa hatiani, na kwenye nyumba ya wazee hawamweki mtu mwenye rekodi ya kupiga. Tutakuwa wawili bila kazi, na kodi ni ile ile.

Mama yuko jikoni tangu tupande juu. Anaisugua sahani aliyolia chakula yule bwana, anaisuuza, anaisugua tena. Salum amekuja na barafu kwenye taulo, akanishika kiganja, akaniwekea, akakaa karibu yangu. Nimelia hapo.

Jamani, nimeyafikiria maneno ya wakili jioni nzima. Ni mazuri. Ni laini. Yangeniokoa, na ndiyo yale yale yaliyomzika mdogo wangu.

Kesho nitakwenda. Nitasema nilimpiga kofi, la mkono wa kulia, na hakuna aliyenisukuma. Wakishamaliza kuliandika, sitainuka kwenye kiti chao mpaka waandike na hili: Salum alipigwa tofali, akakanyagwa kichwa, na hakuinua mkono.