Mstari Mweusi

Jumanne, Migwani

Basi sasa koroboi haina makosa tena. Miaka yote nikikosea rangi nikisuka kiondo nilisema ni moshi wa koroboi, na akina mama wa kikundi wakaniamini. Leo tumefungiwa sola. Chumba chote cha kusukia kikawa kama mchana.

Nimesuka mstari mweusi, nikajisifu kimoyomoyo. Mama Mwende, mwenyekiti wetu, akaushika.

"Mama Kioko, hii ni buluu."

Nikamwambia hiyo taa ni kali, inageuza rangi.

Hakubishana. Akaufumua mstari wote mwenyewe, kisha akafunga fundo dogo kwa kila uzi wangu mweusi, ndio vidole vijue rangi macho yakishindwa.

Huyo mama hutangaza kila kitu. Leo hakumwambia mtu. Hapo ndipo nimeogopa.