Eda ya Dija na chuo cha Mombasa

Jumatatu, 11 Agosti

Yeo nimepaka hina nyumba mbili. Ya kwanza bibi harusi hatulizi mguu, ua limetoka kama kaa. Atavaa soksi.

Halafu kwa Dija, kama kila siku. Yuko edani tangu mumewe Athmani afariki, hatoki nyumbani, mimi ndiye redio yake. Nimempa zote. Muuza samaki kaachwa na mke. Punda katafuna kanga ya Bi Shamsa ikiwa kwenye kamba. Hakucheka. Kumbe yeo mwenye habari ni yeye.

Chuo kikuu kule Mombasa kimemjibu. Alisoma ualimu Nairobi miaka miwili, Athmani alipoanza kuugua akaacha, akarudi kumuuguza. Sasa mtu mzima wa arubaini na tatu, ataka kuhamia Mombasa amalizie. Wamekubali kumhesabia ile miaka yake. Lakini aende mwenyewe na vyeti vyake, akae mbele yao wamuulize. Jumatatu tarehe ishirini na tano. Hakuna kumtuma mtu.

Na eda yaisha Jumatano, tarehe ishirini na saba. Aliyehesabu ni shemeji yake Twalib, mdogo wa marehemu, yule wa ofisi ya kaunti. Miezi minne na siku kumi, kaiweka kwenye simu yake ilie siku ikifika.

Siku mbili tu.

Dija kaniambia, "Zena, usimwambie mtu. Mui huu una mato, waona kila kitu." Nimeapa. Najijua, lakini nimeapa.

Jumanne, 12 Agosti

Dija amewaandikia wampe siku nyingine. Ameeleza kuwa ni mjane, yuko ndani.

Nimepaka nyumba tatu, sikusema hata moja. Kichwa chaniuma. Nimemwambia mume wangu tu, na kumwambia yule ni kama kuuambia mtungi. Kasema "mm", kageuka ubavu.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamekataa. Pole nyingi, maneno mazuri, lakini siku ni ile ile. Akikosa asubiri mwakani, na mwakani masomo yake ya zamani hawayapokei tena, yamepitwa. Ataanza mwaka wa kwanza na watoto waliomaliza shule juzi. Dija asema hataanza upya. Hana miaka ya kuchezea.

Nikamwambia, vaa buibui, funga ninja usoni, panda boti alfajiri uchanganyike na wanawake wa Kipungani waendao kuuza majamvi yao. Nani atakujua?

"Mungu atanijua," kasema. Halafu kasema kamuuguza Athmani mpaka pumzi ya mwisho, hawezi kumuibia siku mbili za mwisho.

Kalala akaelekea ukutani, nami nikamuoshea vyombo nikaondoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeharibu.

Nilikuwa kwa Bi Shamsa, bintiye aolewa. Wanawake ua mzima, wengine wamenya vitunguu, wengine wamenya watu. Mmoja, simtaji hata humu, kasema Dija auza vitu vya marehemu kimya kimya, ana bwana Mombasa, hata eda hajamaliza. Wakacheka.

Nilikuwa nimeshika mkono wa bibi harusi. Nikauweka tini, mdomo ukafunguka. Nikasema yote. Chuo, vyeti, siku mbili, mpaka vile alivyolala akaelekea ukutani. Nikawaambia, mwanamke aikosa elimu yake kwa kumlindia mumewe heshima, na nyinyi mwamtafutia bwana.

Wakarudi kwenye vitunguu vyao. Ilinipendeza mpaka nilipofika mlangoni. Hapo ndipo nikakumbuka kiapo.

Jumamosi, 16 Agosti

Habari imetembea kuliko mimi. Asubuhi Dija ataka kwenda chuo. Adhuhuri Dija ameshakwenda. Alasiri muuza samaki kanisimulia mimi, mimi mwenyewe, kuwa Dija kapandishwa ndege uwanja wa Manda na mwalimu wa kizungu. Nikamuuliza kavaa nini. Kaniambia mpaka rangi ya viatu.

Twalib naye kasikia. Kaenda kusimama mlangoni kwa Dija, kasema sauti ya juu kuwa jina la ndugu yake lachezewa, na kaburi bado bichi. Jirani wote wamesikia, waliokuwa mbali wakasogea.

Dija hakunipigia. Kaniandikia tu kwenye simu. "Zena, usije."

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda.

Wali umeungua. Mume wangu kala, kisha kauliza kwa nini nyumba iko kimya, kuna mgonjwa?

Nina haya. Si ya watu, watu nimewazoea. Haya ya Dija. Aliniamini akijua nilivyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Bi Shamsa kaja mwenyewe, na arusi ya bintiye i karibu. Nikafikiri kaja kuninyima kazi ya hina. Kakaa, kavua viatu.

"We Zena, ile hadithi yako imeninyima usingizi. Eda ile kahesabu nani?"

"Twalib."

"Kwa mwezi upi?"

"Kwa simu."

Kapiga paja. "Athmani kafa katikati ya mfungo mosi, mwezi ule ule wa Idi. Siku ya maziko mimi nafunga sita ya sunna, nimepika chai ya watu na mimi sinywi. Hesabu nawe. Mfungo mosi mpaka mfungo tano, miezi minne. Na huu ndio mfungo tano, uko ukingoni. Mwezi wa Maulidi haujaandama. Jumatano yake Twalib iko mwezi wa Maulidi, siku kumi za eda zivukeje huko?"

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia. Ikawa kweli. Twalib kahesabu miezi ya mshahara. Aprili, Mei, Juni, na ile ni mirefu kuliko miezi ya kuandama. Sisi tukamuamini kwa kuwa ana ofisi. Mimi nazijua siku za kila arusi ya mui huu kwa mwezi wa mbinguni, na eda ya shoga yangu sikuigusa.

Nimeshika ndia mtandio u begani. Kwa Dija niliambiwa nisije, nikaenda. Twalib yuko kizingitini kaja kwa maneno mengine. Nikamwambia pale pale, mbele ya jirani, safari hii niliwataka wasikie.

Katoa simu. Kaitazama sana. "Mimi nimehesabu toka Aprili," kasema.

"Bwana Twalib, eda haijui Aprili."

Kavaa viatu kinyume, cha kulia mguu wa kushoto, kaenda kumuuliza maalimu wa msikitini. Dija alikuwa nyuma ya mlango. Hakuufungua. Lakini hakuniambia niondoke, nikakaa pale barazani kwake mpaka adhana ya magharibi.

Jumanne, 19 Agosti

Maalimu kasema Jumamosi. Jua likizama Jumamosi, eda imekwisha, hana deni na mtu.

Twalib kaja kusema mwenyewe, na sauti imeshuka. Kasema hakukataa chuo, alikataa eda kuvunjwa. Kasema Jumapili alfajiri atamvusha kwa boti mpaka Mokowe kwenye basi, na kakake Dija atampokea Mombasa. Sina ugomvi naye. Kakosea mwezi tu, na kufiwa nako kwatia mtu ukali.

Dija kafungua mlango. Kanitazama. "Mdomo wako huu," kasema. Hakumalizia. Kacheka, kalia, nami nikalia, halafu tukala mkate wa mofa uliokuwa mgumu kama tofali na ulikuwa mtamu.

Nimemuomba radhi. Kasema nimuombe tena mwakani, sasa ana vyeti vya kupanga.

Jumamosi, 23 Agosti

Imekwisha. Kaoga, kavaa, katiwa udi. Wanawake wamejaa, Bi Shamsa mbele. Yule aliyesema Dija ana bwana naye kaja, kaleta halua. Nimeila.

Nilitaka kumpaka Dija hina. Kakataa, si sasa. Sikusisitiza.

Jumatatu, 25 Agosti

Asubuhi hakuna simu. Adhuhuri hakuna. Mtandao umekatika mui mzima, au ni simu yangu, sijui. Nimeiinua hewani nikiwa juu ya paa kama mtu ataka kukamata mwezi. Nimemharibia mteja kucha mbili.

Bi Shamsa kapita kuuliza. Twalib kapita kuuliza. Nimewaambia sijui, na ni kweli, na yaumiza.

Alasiri ikalia. Wamemuuliza mengi. Kwa nini aliacha, kwa nini arudi, ataweza na watoto wale? Kawajibu. Wamemchukua mwaka wa tatu, aanza Septemba. Kasema kanipigia kabla ya kufunga mkoba.

Nikakaa tini pale pale paani. Alhamdulillahi. Kama nimetua gunia.

Alhamisi, 28 Agosti

Dija karudi yana kufunga mizigo.

Yeo kaja kwangu. Mara ya kwanza tangu msiba. Kaingia, kavua buibui, kakaa jamvini nikikoroga hina ya kesho. Nikaanza kumpa habari za nti nzima, nikafika katikati ya ile ya muuza samaki, nikageuka. Kashalala. Mdomo wazi, mkono tini ya shavu.

Bi Shamsa kachungulia na neno lake. Nikamwashiria kwa kidole mdomoni. Kavua viatu, kaingia, kakaa.

Tumekaa hivyo. Nimekoroga taratibu, kijiko kisigonge bakuli.