Ramani ya Panya ya Aciro

Safinah, nimetoka chuoni sasa hivi.

Aciro wangu ametetea mbele ya watahini hesabu zake za kukadiria jinsi panya wanavyosambaa mjini. Barabara pana inawazuia, mitaro inawapitisha, penye msongamano wanazaliana. Ramani ikawaka nyekundu Kisenyi. Mtaa wetu, Safinah.

Profesa anayemtahini akacheka: "Binti, kweli kuna watu wanaoishi hapo?"

Mwanangu akajibu: "Sijui, profesa. Sijawahi kufika."

Hajawahi kufika. Wewe mwenyewe ulimwogesha hapo akiwa mchanga.

Nilidhani nimesikia vibaya. Halafu mlangoni akanishika mkono: "Profesa, huyu ni mama yangu. Anaishi Gulu."

Gulu. Huko kaskazini, mbali na Kisenyi. Akanikazia macho, ananiomba.

Nikamwambia profesa safari ya kutoka Gulu ilikuwa nzuri.