Rahema Anapanda Kaaga

Sasa Wambeti, pale simu ilikatikia nilikuwa nimefika mahali Rahema anaingia na raba kwa miguu, jasho inamtoka, na sisi akina mama tumejaa kwake na masufuria. Chaji ikaisha. Basi naandika, Vincent wa ndizi atakuletea leo akija Runyenjes. Lakini ngoja nikusalimie kama mtu, dada yangu: mko aje? Goti ya Baba Joyline ilipoa? Sisi huku ni wazima, na mdomo yangu pia ni mzima, si unanijua.

Rahema ni yule bibi ya Idrisi wa bucha, hapa karibu na Gakoromone. Walimtoa titi moja, akawekwa dawa mpaka nywele ikaisha, akapona. Sasa hospitali wakampea tembe ya kumeza kila siku, miaka mitano, ya kuzuia homoni ya kike isilishe ugonjwa tena. Hiyo tembe, Wambeti, inamwashia moto ndani kama jiko, viungo vinauma, na kilo zikapanda. Sisi kwa soko tulifurahi! Tukamwambia amenona, amepona. Kumbe yeye analia. Nesi alikuwa amemwambia huo uzito haumfai, apunguze mafuta, atembee, ainue vitu pole pole.

Akaanza. Kila asubuhi anapanda barabara ya Kaaga na buibui yake na raba za Idrisi. Akirudi, anajaza maji kwa mitungi mbili ndogo, anainua, anashusha. Ule mkono wa upande wa kukatwa, hata kuchana nywele ulikuwa umekataa! Na bibi ya bucha, nyama ya mafuta hagusi. Mimi nilikuwa namwangalia kutoka kwa viazi zangu na nashangaa tu. Miezi nne, akapungua mpaka shingo ikaonekana.

Hapo mtu mmoja wa soko akasema ugonjwa umerudi. Kufika saa sita soko mzima inajua. Na unajua vile tunafanya mtu akigonjeka: kila nyumba ikapewa siku yake, huyu uji, huyu mukimo, huyu supu ya kichwa ya mbuzi. Ndio hiyo siku ya kwanza alitupata kwake. Akasema hana shida. Tukasema wagonjwa wote husema hivyo. Idrisi akaingiwa na woga, akaficha raba, akamwambia apumzike. Naye Rahema akashindwa kukataa chakula ya watu. Miezi mbili amekaa, anakula. Kilo zikarudi zote.

Juzi ilikuwa siku yangu ya mukimo. Nikampata kwa mlango wa choo, pakiti ya tembe mkononi. Akaniambia anazitupa, kwa sababu akizimeza ananenepa, na akitembea tunamzika.

Wambeti, sikia. Sijaambia mtu mwingine hii: yule mtu wa soko ni mimi. Hakuna mahali nilisikia. Niliona shingo, nikaongezea. Nikamwambia pale pale, sufuria mikononi. Nikafikiri atanimwagia hiyo mukimo. Halafu akaangalia hii tumbo yangu, akacheka, akarudisha tembe kwa mfuko. Akasema kwanza niende kwa Idrisi mwenyewe nikaombe raba. Halafu nipande Kaaga na yeye kila asubuhi mpaka ameze tembe ya mwisho. Nikauliza imebaki siku ngapi. Miaka mitatu!

Nimeenda siku nne. Mimi nahema kama punda ya kubeba mawe, yeye ako mbele, anazungusha ule mkono hewani kama anaita mtu. Jana ule mlima mkubwa ulikuwa wazi bila mawingu, theluji yote inang'aa, watu wamesimama kuangalia. Mimi nilikuwa naangalia mgongo yake. Sijawahi ona kitu kubwa hivyo, dada.

Salimia mama sana, mwambie Krismasi nitakuja na

Rahema huyo kwa geti! Anapiga kelele jirani wote wasikie: "Mama Kinoti! Wewe ni mgonjwa, ama tunapanda?" Wacha nivae viatu.