Udi na Disketi za Kilifi

Mambrui, Alhamisi, Mei 1988

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ya polepole, isiyo na upepo. Nimerudi kutoka kazini Malindi viatu mkononi. Moyo umetulia kuliko jana, ingawa bado una aibu.

Nataka niandike yote, hata yanayoniumbua.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitengeneza kiongezo, yaani programu ndogo inayoingia ndani ya ile kubwa tunayotumia kuandikia programu nyingine. Mwanafunzi akikosea, ile kubwa humkemea kwa Kiingereza. Kiongezo changu humweleza kosa lake kwa Kiswahili. Maneno yenyewe nilikuwa nikimuuliza Shangazi Zuhura, aliyenilea na ninayeishi naye. Hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, lakini nikimwambia, "Mtu amefungua kitu akasahau kukifunga, nimwambieje asivunjike moyo?" hunijibu papo hapo: "Mwambie, ulipofungua hukufunga, rudi kidogo." Nami nikaandika hivyohivyo.

Kuna ofisi ya ushirika Kilifi yenye wanafunzi watatu wa programu, na mkubwa wao, Bwana Kazungu, alikubali kukijaribu. Kikifanya kazi, watakitumia na kukipeleka kwenye ofisi zao nyingine. Kisipofanya, wataagiza cha Kiingereza kutoka Mombasa, na changu kitabaki mezani pangu.

Jumatatu nilikipakia kwenye disketi tatu, nakala moja kwa kila mwanafunzi, nikazitia katika bahasha, nikaiweka juu ya gauni la safari. Shangazi akalifukiza gauni kwa udi, kama afanyavyo kila nikiwa na safari ya maana. Akafukiza na bahasha.

Jumanne, Bwana Kazungu alipofungua ile bahasha, ofisi nzima ilinukia harusi. Akatia disketi ya kwanza, kompyuta ikaganda. Ya pili, ikaganda. Ya tatu sikutaka hata kuitazama.

"Ni shangazi yangu," nikasema mbele ya watu wote. "Amezifukiza udi, ameziharibu."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. "Haya, Bi Amina, rudi Ijumaa," akasema Bwana Kazungu. "Lakini umwambie huyo mama, kompyuta si bibi harusi."

Nami nikacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi lilipofika Matsangoni nilikuwa nimeshapanga ya kusema, na nilipofika nyumbani nikayasema yote, tena kwa sauti ambayo sijapata kumtolea mtu mzima. Shangazi hakubishana. "Mimi n'likuwa nataka wende na kheri tu, mwanangu," akasema. Akakitwaa chetezo chake kikiwa na majivu ya udi, akakiweka juu ya kabati asikokifikia bila kigoda.

Jana nikapakia disketi mpya, ambazo hazikujua moshi. Kwa tahadhari nikazijaribu kwenye kompyuta ya karani wetu kazini, ambayo huwa siigusi. Ikaganda vilevile.

Nilikaa kwenye kiti cha karani, nikaanza kutafuta upya kosa liko wapi.

Kosa ni langu. Maneno ya Kiswahili hayamo ndani ya kiongezo chenyewe. Yamo kwenye faili la peke yake, na faili hilo lilikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Kila nilipojaribu mezani pangu, kiongezo kililikuta mahali pake. Kwingine kilitafuta, kikakosa, kikaganda. Nilikuwa nimepakia kila kitu isipokuwa maneno ya shangazi. Nikazitoa zile disketi za Jumanne, nikaliongeza faili, nikarudi nazo kwa karani. Zikafanya kazi zote tatu, na udi wake.

Jana sikumwambia. Nilijidai nimechoka.

Leo nimemkuta jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamwamkia, nikambusu mkono wenye machicha, nikakaa chini.

"Shangazi, haukuwa udi. Ni mimi niliyesahau. Nisamehe."

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu. "Mie n'shakusamehe tangu juzi," akasema. "Na wale wa Kilifi, umewambia?"

Nilidhani kuomba radhi kutaishia pale jikoni. Kumbe huko Kilifi kuna watu wanne wanaomjua shangazi yangu kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe si kweli. Nimeona haya hata kumtazama.

Nimepanda kigoda nikakishusha chetezo mwenyewe. Yeye akatia makaa, akalifukiza gauni langu. Bahasha hakuigusa. "Hizo karata zako nyeusi sizitaki mie," akasema, ingawa alikuwa anacheka kidogo.

Disketi mpya nimeziacha kabatini. Kesho nakwenda Kilifi na zilezile za udi. Kabla Bwana Kazungu hajatia hata moja, nitasimama mbele ya wote waliocheka niwaambie nani alisahau nini. Nikishamaliza, wazitie, na wa kwanza kukosea ayasome maneno ya Shangazi Zuhura kwenye kioo, ofisi ikinukia.