Karoti kwenye Sufuria ya Mama

Leitrim, Jumapili

Kaka Colman,

Mvua haijakatika tangu Jumatatu, na yule paka wako kazaa tena kabatini.

Leo Baba amepika mwenyewe ule mchuzi mzito wa kondoo. Nilimkuta anakata karoti.

Nilisimama mlangoni. Wewe hujasahau alivyoimwaga sufuria nzima uani ulipotia karoti, wiki moja tu baada ya kumzika Mama. "Nyama, viazi, vitunguu, basi! Mama yenu hakuwahi kutia takataka nyingine!" Ukachukua begi lako, ukaenda zako Liverpool. Miaka sita sasa, karoti haijavuka kizingiti chetu.

"Umeganda nini hapo?" akanifokea. "Lete bakuli."

"Lakini Baba, hizo si..."

"Macho ninayo, Attracta. Bakuli!"

Tulikula. Mchuzi ulimmwagikia kifuani, nami nikajifanya sioni. Si kesho, Jumatatu inayofuata, anapasuliwa tumbo. Daktari ameniambia niwaite watu wa nyumbani, na wa nyumbani ni mimi na wewe tu.

Karoti za bakuli lake alizimaliza zote. Kisha, huku akitazama dirishani, akauliza, "Meli ya Liverpool hufika Dublin saa ngapi siku hizi?"

Nikasema sijui.

"Basi kaulize. Na hizo zilizobaki sufuriani usimpe mbwa."

Sufuria nimeifunika.

Dada yako,
Attracta